Kioo au Akriliki: Kuchagua Tangi Kubwa la Samaki kwa Nyumba za Tarime na Serengeti

Tangi kubwa la samaki la nyumbani, ambalo katika mwongozo huu ni lile lenye ujazo wa kuanzia lita 400, huundwa kwa kimoja kati ya vitu viwili: kioo, au akriliki, ambayo ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Wauzaji wengi huanza kwa kueleza kipi kinaonyesha samaki vizuri zaidi, na hoja hiyo ina uzito wake katika miji ambayo duka la matangi liko mtaa wa pili na fundi wa kila aina hupatikana kwa simu. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako bidhaa nyingi za namna hii hufika kwa lori au basi kutoka Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo ya mpaka wa Sirari, swali linalostahili kutangulia ni jingine, nalo ni kwamba tangi likipata dosari litarekebishwa na nani, kwa vifaa gani, na vifaa hivyo vitatoka wapi. Maelezo yanayofuata yanaongozwa na swali hilo, na kwa sababu hiyo yanaegemea upande wa kioo, ingawa yapo mazingira ambamo akriliki ndiyo inayofaa, nayo yataelezwa mahali pake.

Kioo kinachotumika kwenye matangi ni kilekile cha madirishani, kinachotokana na kuyeyusha mchanga, magadi na chokaa, kisha kuumimina ujiuji huo wa moto juu ya bati lililoyeyuka ili utandae na kupoa ukiwa bapa pande zote mbili. Njia hiyo ilitangazwa nchini Uingereza mwaka 1959 na kampuni ya Pilkington, na ndiyo iliyofanya mabamba makubwa yaliyonyooka yapatikane kwa bei nafuu duniani kote. Tanzania sasa ina kiwanda chake cha vioo bapa, Sapphire Float Glass, kilichoko Mkuranga mkoani Pwani na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Septemba 2023, hivyo kioo si lazima tena kitoke nje ya nchi. Mafundi alumini, yaani wale wanaotengeneza madirisha na milango ya alumini, wanapatikana Tarime mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu, na kukata kioo kwa vipimo ni kazi yao ya kila siku.

Akriliki ni plastiki iliyoingia sokoni miaka ya 1930, Ujerumani ikijulikana kwa jina la kibiashara la Plexiglas na Uingereza kwa jina la Perspex. Wakazi wa Tarime na Mugumu wameiona bila kuitambua kwa jina: herufi za mabango yanayowaka usiku, ngao za ushindi za shuleni, na vikinga vilivyowekwa mbele ya makarani wakati wa janga la UVIKO-19 mara nyingi vilikuwa akriliki. Isichanganywe na polikaboneti, plastiki nyingine inayoonyesha ng'ambo na inayotumika kuezekea vibaraza, kwa kuwa polikaboneti ni laini zaidi, hukwaruzika upesi, hugeuka njano juani isipokingwa, na haifai kwa tangi kubwa hata pale muuzaji anaposisitiza kuwa ni kitu kilekile.

Kabla ya kulinganisha vitu hivi viwili ni muhimu kuelewa mzigo vinaobeba. Maji hubana kuta za chombo kwa kanieneo, yaani nguvu inayoangukia kila kipande cha eneo, na kanieneo hiyo hutegemea kina cha maji peke yake, wala haijali tangi ni refu au pana kiasi gani. Hii ndiyo sababu tangi la urefu wa mita 2 lenye kina cha sentimita 40 linaweza kuwa salama kwa kioo chembamba kuliko tangi la mita 1 lenye kina cha sentimita 70, jambo ambalo wanaojenga kwa kukadiria macho hulikosea mara kwa mara, wakiongeza kimo kwa ajili ya uzuri na kuacha unene uleule. Kwa mfano utakaotumika hadi mwisho, tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60 hubeba lita 648 likijaa hadi ukingoni, na ukuta wake wa mbele husukumwa nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilogramu 320 hivi, usiku na mchana, kwa miaka yote tangi litakapokuwa na maji.

Kwa tangi hilo, kioo cha milimita 12 kinatosha endapo juu kutafungwa mikanda, yaani vipande virefu vya kioo vinavyobandikwa kwa ndani karibu na ukingo ili kuta zisifunguke, na anayetaka tangi wazi lisilo na mikanda apande hadi milimita 15. Tangi la urefu wa sentimita 120 na kimo cha 50 linaridhika na milimita 10. Kimo kikifika sentimita 75 kwa tangi la mita 2, mahesabu yanadai milimita 19, na hapo bei, uzito na ugumu wa kupata bamba lenyewe hupanda kwa pamoja kiasi kwamba mwenye nyumba hufanya vyema kujiuliza kama kweli anahitaji kimo hicho. Vipimo hivi vimewekewa akiba ya usalama, kwa maana kwamba nguvu ya kukivunja kioo inakaribia mara nne ya mzigo kinaobeba, nayo si anasa ya kupunguza ili kuokoa fedha, kwa sababu kioo chenye kikwaruzo kisichoonekana hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake.

Sifa ya akriliki inayotangazwa kuliko zote ni wepesi, na hapa ndipo hesabu inapodai utulivu. Ni kweli kwamba mita moja ya ujazo ya kioo ina uzito wa kilogramu 2,500 hivi, wakati ya akriliki ina kilogramu 1,190, yaani chini ya nusu. Lakini akriliki hupinda kirahisi zaidi ya mara ishirini kuliko kioo cha unene uleule, hivyo hulazimu kuwa nene zaidi, na kwa tangi la mfano wetu mjenzi mwangalifu hutumia milimita 19 au zaidi. Matokeo yake ni kwamba tangi la kioo cha milimita 12 lina uzito wa kilogramu 120 na ushei likiwa tupu, na la akriliki ya milimita 19 hufika karibu kilogramu 90 kabla ya kuongezwa fremu yake ya juu. Tofauti ya kilogramu thelathini hivi ni nafuu ya kweli kwa watu wanne wanaolibeba kwenda ghorofani, lakini tangi likishajazwa maji, mchanga na mawe, jumla yake huelekea kilogramu 900, na sakafu haitatambua kama ukuta ni wa kioo au wa plastiki.

Ulegevu huo wa akriliki una matokeo mengine ambayo wauzaji hawayataji sana. Ili kuta zisitune kupita kiasi, tangi la akriliki hufunikwa juu kwa bamba zima lililotobolewa nafasi chache za kuingiza mkono, wakati tangi la kioo hubaki na sehemu kubwa ya uso wa maji ikiwa wazi. Katika mwambao wa bahari tofauti hiyo ni ndogo, ila mji wa Tarime uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko maji ya joto lilelile yaliyoko pwani. Samaki hupumua oksijeni inayoingia kupitia uso wa maji, hivyo tangi lenye mdomo mdogo katika nyanda za juu za Mara hutegemea zaidi pampu ya hewa, na pampu hutegemea umeme. Anayechagua akriliki adai nafasi za juu ziwe pana kadiri mjenzi anavyoweza kuruhusu, na katika vifaa vyote viwili tangi pana na fupi ni bora kwa samaki kuliko tangi jembamba na refu kwenda juu.

Hoja ya usafirishaji hudhaniwa kuipendelea akriliki, kwa kuwa haivunjiki kwa urahisi. Barabara kuu ya Mwanza, Musoma na Sirari ni ya lami, lakini kutoka Tarime kupitia Nyamongo kwenda Mugumu ni takriban kilomita 87 ambazo zimekuwa zikiwekwa lami kwa awamu, na vijia vya kuingia vijijini hubaki vya udongo na makorongo. Tangi la kioo lililokwisha kuunganishwa, likilazwa juu ya gari aina ya Fuso pamoja na mifuko ya saruji, lina nafasi ndogo ya kufika likiwa zima. Hata hivyo, tangi la kioo halina haja ya kusafiri likiwa tangi: mabamba matano husimamishwa wima kwa makali yake, yakiegemea ubao na kutenganishwa kwa katoni, kama mafundi alumini wanavyosafirisha vioo vya madirisha kila wiki, kisha huunganishwa chumbani hapohapo litakapokaa. Akriliki haitoi uhuru huo, kwa sababu viungo vyake huunganishwa kwa kimiminika kinachoyeyusha nyuso mbili za plastiki hadi zikawa kitu kimoja, kazi inayohitaji makali yaliyonyooshwa kwa mashine, mahali pasipo vumbi, na mkono uliozoea. Kwa hiyo hufika ikiwa nzima, na inabidi mlango wa nyumba, kona ya korido na ngazi vipimwe kabla ya kulipa malipo ya awali. Nyumba nyingi zina milango ya upana usiozidi sentimita 90, na tangi la mita 1.8 lililopita mlangoni huweza kukwama kwenye kona ya pili.

Ununuzi wa kioo chenyewe una mitego mitatu. Wa kwanza ni rangi: vioo vingi vilivyoko katika karakana za alumini ni vile vya rangi au vya kuakisi jua, vinavyopendwa madirishani, ilhali tangi linahitaji kioo cheupe kisicho na tabaka lolote. Wa pili ni kioo kilichokomazwa kwa joto, kile kinachovunjika vipande vidogovidogo visivyokata; kinavutia kwa nguvu zake, lakini hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kukomazwa, na kikipata jeraha ukingoni hupasuka chote kwa mara moja. Anayetaka tundu la bomba chini ya tangi amweleze fundi tangu mwanzo kwamba anataka kioo cha kawaida. Mtego wa tatu ni kioo kilichotumika, kinachong'olewa kwenye maduka na ofisi zinazokarabatiwa, ambacho huuzwa kwa bei ya kushawishi kikiwa kimejaa vikwaruzo na makali yaliyomeguka. Hicho kifae kwa meza. Makali yote ya mabamba yanapaswa kusagwa ili yasiwe na meno, kwa sababu ufa huanzia ukingoni.

Gundi ya kioo ni silikoni, na si kila silikoni iliyoko dukani inafaa. Zile za bafuni na madirishani mara nyingi huchanganywa na dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huvuja polepole ndani ya maji na kuua samaki bila mwenye tangi kuelewa chanzo. Inayotakiwa ni silikoni halisi isiyo na dawa hiyo, na lebo yake isomwe hadi mwisho. Aina inayotoa harufu kali ya siki wakati wa kukauka ndiyo iliyozoeleka kwa kazi hii, ingawa harufu peke yake si ushahidi wa kutosha. Hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewa, milimita mbili au tatu kwa siku, hivyo kiungo cha kioo kinene hudai wiki nzima au zaidi, hasa katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, hewa inapokuwa kavu. Fundi wa madirisha aliyezoea kukabidhi kazi jioni ileile ataona subira hii ni ya bure, na ni juu ya mwenye nyumba kushikilia siku hizo. Faida kubwa iko mbele: kiungo kikivuja baada ya miaka kumi, silikoni hukwanguliwa kwa wembe na kupakwa upya na fundi yeyote mwenye mkono makini, na ukuta ukipasuka hubadilishwa huo mmoja.

Akriliki haina njia hiyo. Silikoni haiishiki vizuri, na kiungo kilichoanza kufunguka hurekebishwa na mtu mwenye kimiminika sahihi, ambaye kwa kawaida yuko mbali. Mafundi wa mabango walioko Tarime na Musoma wana akriliki, lakini ya milimita 2 hadi 5, inayotosha kwa herufi na isiyofaa kwa maji mengi. Kubandika mabamba mawili membamba ili yafanye unene mmoja ni kujidanganya, kwa kuwa mabamba hayo hupinda kila moja kivyake. Mabamba manene huagizwa, aghalabu Dar es Salaam au Nairobi. Anayeyaleta kupitia Isebania na Sirari akumbuke kwamba utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaowapa nafuu wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, unahusu bidhaa zinazozalishwa ndani ya nchi wanachama; akriliki iliyotengenezwa Asia na kununuliwa Nairobi bado ni bidhaa ya nje, na ushuru wake uingizwe katika hesabu mapema.

Kuhusu mikwaruzo, akriliki ni dhaifu na pia ni ya kusamehe. Vumbi jekundu linaloingia majumbani wakati wa kiangazi lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko akriliki na hata kuliko kioo, hivyo kufuta tangi la akriliki kwa kitambaa kikavu ni sawa na kulipiga msasa. Linapaswa kumwagiwa maji kwanza, kisha kufutwa kwa kitambaa laini ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia, pamoja na spiriti na vitakasa mikono, hutengeneza ndani ya plastiki hiyo mtandao wa nyufa nyembamba zisizoondoka, kwa hiyo msaidizi wa nyumbani aelezwe waziwazi na chupa hizo ziwekwe mbali. Kwa upande wa pili, kikwaruzo cha akriliki huweza kuondolewa kwa msasa wa maji, ukianzia namba 800 na kupanda hadi 2000, kisha dawa ya kung'arisha, na mafundi rangi wa magari wanaifahamu kazi hiyo barabara, wakati kikwaruzo kirefu cha kioo hubaki hapo daima.

Samaki wenyewe wana sehemu yao. Furu, jina ambalo wavuvi wa Ziwa Viktoria huwaita samaki wadogo wa jamii ya haplokromisi, ni wachimbaji. Madume husogeza mchanga na kuusukuma hadi kwenye kuta wanapotengeneza mahali pa kuzalia. Gogogo ana miiba migumu, na kamongo akikua ana meno ya kutoa alama kwenye plastiki. Mwenye tangi la samaki wa namna hiyo atapata amani zaidi kwenye kioo. Inafaa kueleza, ingawa ni pembeni kidogo ya mada, kwamba furu si samaki wa kudharauliwa kwa sababu ya udogo: watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kazi Mwanza mwaka 1977, walishuhudia aina nyingi zikitoweka baada ya sangara kuenea ziwani katika miaka ya 1980, na baadhi ya aina hizo zilibaki hai katika matangi ya Ulaya na Marekani. Anayetaka kuwafuga aulize kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri kuhusu vibali vya kukamata na kusafirisha samaki hai. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania kilichoko Sota, wilayani Rorya, ni mahali pazuri pa kuulizia aina za samaki. Uvuvi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hauruhusiwi, hata kama kinachotafutwa ni samaki wawili wa mapambo kutoka Mto Mara.

Joto huleta hoja yenye nusu ya ukweli. Usiku wa Tarime joto huweza kushuka hadi nyuzi 15 za Selsiasi, wakati samaki wa ziwani wamezoea maji ya nyuzi 24 hadi 27, na akriliki hupitisha joto kidogo kuliko kioo kwa takriban mara tano. Lakini sehemu kubwa ya kizuizi cha joto ukutani ni hewa tulivu inayogusa ukuta kwa nje, si ukuta wenyewe, kwa hiyo nafuu halisi katika kuta ni kama asilimia 40; na joto jingi hupotea kupitia uso wa maji yanayogeuka mvuke. Kifuniko kizuri juu, pamoja na bamba la povu gumu nyuma na chini, vitalifanya tangi la kioo livumilie saa kadhaa za kukatika kwa umeme karibu sawa na la akriliki, kwa gharama ndogo mno.

Uangavu hauhitaji maneno mengi. Akriliki hupitisha asilimia 92 hivi ya mwanga, na kioo kinene cha kawaida hupungukiwa na hapo na kuonyesha ukijani ukingoni kutokana na chuma kilichomo ndani ya mchanga wake. Kiko kioo chenye chuma kidogo kinachoondoa ukijani huo, ila ni ghali na huagizwa. Katika sebule yenye taa ya kawaida, kwa kioo cha milimita 12, wageni hawatauona ukijani huo wasipoonyeshwa.

Panapobaki sababu ya kweli ya kuchagua akriliki ni kwenye kugongwa na kutikiswa. Akriliki huvumilia kishindo mara nyingi zaidi ya kioo, na katika nyumba yenye watoto wanaocheza mpira ukumbini, au hoteli ya Mugumu inayopokea watalii na mizigo yao ya magurudumu karibu na lango la hifadhi, hilo si jambo dogo. Nyumba zilizo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, ambako miamba hulipuliwa kwa baruti, zina sababu ya nyongeza ya kufikiri, ingawa kioo kilichounganishwa kwa silikoni, ambayo hunyumbuka, na kukalishwa juu ya povu gumu hustahimili mitetemo midogo vizuri kuliko inavyodhaniwa. Kinachokiponza zaidi ni meza iliyopinda. Akriliki pia ndiyo njia rahisi zaidi kwa anayetaka tangi la umbo la mviringo au refu kupita mabamba ya kioo yanayopatikana, na ndiyo maana majengo makubwa ya maonyesho huitumia: dirisha la tangi la Dubai Mall, lililofunguliwa mwaka 2008, ni akriliki yenye unene wa sentimita 75.

Hata hivyo kuiita akriliki isiyopasuka ni kosa. Tarehe 16 Desemba 2022, AquaDom, tangi la mviringo la akriliki lililokuwa ndani ya hoteli mjini Berlin likiwa na lita milioni moja za maji, lilipasuka alfajiri kwa ghafla na kuua karibu samaki wake wote, 1,500 hivi. Uchunguzi haukuthibitisha chanzo kimoja. Miongoni mwa dhana zilizotolewa ni udhaifu wa kiungo cha gundi, na kukauka kwa plastiki wakati tangi lilipokuwa tupu kwa ukarabati. Dhana hiyo ya pili ina funzo kwa tangi la nyumbani, kwa sababu akriliki hufyonza maji kidogo na kutanuka, na ikikaa muda mrefu bila maji hukauka na kusinyaa bila usawa. Tangi la akriliki lililotumika na kuachwa stoo kwa miaka, linalouzwa na anayehama, lisijazwe kwa mara moja, na viungo vyake vikiwa na weupe au viputo lisinunuliwe kabisa.

Chini ya tangi lolote kati ya haya mawili kuna kazi ambayo haifai kufanywa kwa haraka. Uzito wa kilogramu 900 juu ya eneo la mita 1.8 kwa 0.6 ni salama kwenye sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa, lakini ghorofani inampasa mhandisi aulizwe, na tangi liwekwe karibu na ukuta unaobeba, likikatisha mihimili badala ya kufuata mmoja. Meza ya matofali au ya vyuma vya pembe vilivyochomelewa ni bora kuliko mbao mbichi za mlingoti, ambazo ni rahisi kupatikana Tarime na hujipinda zinapokauka. Usawa upimwe kwa pima maji kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Tangi la akriliki linahitaji bamba tambarare linalogusa sakafu yake yote, kwa kuwa likining'inia katikati hubonyea hadi viungo vifunguke, na la kioo linahitaji povu gumu la sentimita moja au mbili kati yake na meza ili punje moja ya mchanga isigeuke kuwa chanzo cha ufa.

Tangi likishasimama, lijazwe kwa hatua kabla ya kuwekwa mchanga, mawe au samaki: robo ya maji, kisha nusu, kisha robo tatu, kila hatua ikiachwa saa kadhaa, na likijaa liachwe siku mbili au tatu. Karatasi kavu za magazeti zikitandikwa kuzunguka meza zitaonyesha uvujaji ambao jicho halijauona, na uzi uliovutwa toka kona hadi kona mbele ya ukuta mrefu utaonyesha kiasi cha kutuna katikati. Kwa kioo cha milimita 12 mtuno huo unapaswa kuwa mdogo kiasi cha kuonekana kwa shida. Kwa akriliki milimita chache ni za kawaida, lakini zikiendelea kuongezeka kati ya siku ya kwanza na ya tatu, maji yatolewe na mjenzi arudi kabla hajalipwa sehemu ya mwisho ya fedha zake.